Nabii Yunus alikasirika, na sisi wa Gerezani je?

JUMATATU ya tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika kwenye uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Hayati Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Uwezo huo Rais amepewa na Ibara ya 45 ya Katiba, na misamaha ya sikukuu za kitaifa si jambo geni katika nchi yetu. Sisi wafanyabiashara wa Gerezani tuliisikia habari hiyo redioni, tukaendelea kuuza spea zetu.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa nimekaa safu ya pili msikitini nikisubiri khutba. Akaingia kijana mmoja, amekonda, kanzu inampwaya. Akaswali rakaa mbili za kuamkia msikiti, akakaa. Nilimtambua kwa namna anavyokaa, mguu mmoja kaukunja zaidi kuliko mwingine. Alikuwa kijana wangu wa dukani. Ndiye aliyeniibia.

Sitamtaja jina, na mtaa ninaofanyia biashara sitautaja pia. Itoshe kusema kwamba alikaa nami miaka minne, akila kwangu, na mke wangu akimwita mwanangu. Alikuwa akichukua nozeli na beringi, leo moja, kesho mbili, anauza mtaa wa pili kwa nusu ya bei. Siku nilipokaa na daftari na kupiga hesabu nilikuta shilingi 1,350,000, na hiyo ni ile niliyoweza kuijua. Nilimpeleka polisi mimi mwenyewe. Mama yake alikuja kunipigia magoti, nikamwambia sheria itachukua mkondo wake. Ikachukua.

Baada ya swala, wenzangu wakawa na kicheko chao: ametoka gerezani, karudi Gerezani. (Kwa faida ya msomaji, wataalamu wa lugha wanasema neno gereza tulilipata kwa Wareno, ambao kwao igreja maana yake ni kanisa. Wareno walijenga ngome katika pwani yetu, na ndani ya ngome wakaweka makanisa. Waliokuja baadaye wakazigeuza ngome kuwa vifungo. Fort Jesus pale Mombasa ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Hivyo neno lililoanza na nyumba ya ibada limeishia kwenye pingu.) Kicheko kilipokwisha mzee mmoja, mtu wa swala tano ambaye namheshimu sana, akasema: “Rais kamsamehe, lakini huyu hakustahili.” Wote tukaafiki. Mimi niliafiki kwa sauti kubwa kuliko wote, maana mali ilikuwa yangu.

Ndugu msomaji, neno hilo, hakustahili, limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo. Kwani aliyestahili kusamehewa ni nani? Anayestahili kuachiwa huwa hasamehewi, huwa anapewa haki yake. Msamaha ukitolewa, kwa vyovyote vile, unatolewa kwa asiyestahili. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini zito kulimeza pale ambapo aliyesamehewa anakudai sehemu ya safu uliyokaa.

Ndipo nilipomkumbuka Nabii Yunus (a.s.).

Kisa chake tunakifahamu tangu madrasa. Alitumwa kwa watu wa Ninawa, mji uliokuwa ng’ambo ya mto Tigris kutoka ulipo mji wa Mosul nchini Iraq leo. Aliwaonya, wakakataa. Akaondoka kwa hasira, akapanda jahazi lililojaa, kura ikamwangukia, samaki akammeza. Akiwa katika giza juu ya giza alikiri kosa lake na kumtakasa Mola wake, na Allah (s.w.) akamuokoa, kama tunavyosoma katika Surat al-Anbiyaa (21:87-88). Hapa ndipo waalimu wetu wengi wanapoishia. Tunafundishwa dua ya Nabii Yunus, tunaisoma tukiwa na shida, basi.

Lakini wale watu wa Ninawa iliwakuta nini? Sura iliyobeba jina la Nabii huyo inaeleza katika aya ya 98 kwamba wao ndio pekee ambao imani yao iliwafaa adhabu ikiwa imekaribia. Watu wa Nuh hawakupata hilo. Firauni alipotamka imani huku maji yakimfika hakukubaliwa. Lakini Ninawa, mji wa watu laki moja au zaidi kwa mujibu wa Surat as-Saffat (37:147), waliondolewa adhabu na kustareheshwa kwa muda. Hapakuwa na nabii aliyewashika mkono wakati huo, kwani nabii wao alikwishaondoka. Hawakuwa na rekodi ya wema. Ninawa ulikuja kuwa makao makuu ya Waashuri, dola ambayo wafalme wake walichonga katika kuta za majumba yao picha za miji waliyoiteketeza na mateka waliowatesa, tena kwa kujisifu. Picha hizo zipo hadi leo katika makumbusho ya London.

Sasa naomba tuvumiliane kidogo, kwa sababu nataka kuingia katika Biblia. Sisi tuliokulia katika mihadhara ya Mnazi Mmoja na Kariakoo miaka ya 1980 na 1990, Biblia si kitabu kigeni kwetu. Kumbukumbu la Torati 18:18 tuliijua kwa moyo kabla ya kuhifadhi Surat Yasin. Tulifundishwa, na ni sahihi, kwamba vitabu hivyo vimeingiwa na mikono ya watu, na kwamba yale ambayo Quran haikuyathibitisha wala kuyakanusha, Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tusiyasadikishe wala kuyakadhibisha. Ila nakiri kuwa tulikuwa wasomaji wa upande mmoja. Kitabu cha Ezekieli tulikifungua sura ya 23 ili kuwaaibisha wenzetu wachungaji mbele ya watoto wao. Sura ya 36 hatukufika.

Kitabu cha Yona ni kifupi, sura nne tu. Mayahudi hukisoma chote alasiri ya siku yao kubwa ya toba, Yom Kippur, wakiwa wamefunga. Sura ya mwisho inaeleza jambo ambalo Quran haikulitaja: baada ya mji kusamehewa, nabii alichukia mno. Akamlalamikia Mola wake kwamba tangu mwanzo alijua kuwa Yeye ni mwingi wa rehema, na ndiyo maana alikimbia. Yaani aliogopa wasije wakasamehewa! Akatoka nje ya mji, akakaa kuangalia kitakachotokea. Mungu akamwoteshea mmea wa kumpa kivuli, akaufurahia. Asubuhi mdudu akaula, ukakauka, akakasirika hadi kutamani kufa. Akaulizwa: wewe unausikitikia mmea usioupanda wala kuukuza, Mimi nisiusikitikie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia wala kushoto, na wanyama wengi? Kitabu kinaishia hapo, kwenye swali. Jibu la nabii halikuandikwa.

Baadhi ya wafasiri wetu pia wamesema kuwa hasira ya Nabii Yunus ilikuja baada ya adhabu aliyoitangaza kutofika, akaona atahesabiwa muongo. Wengine wamesema hasira yake ilikuwa juu ya ukaidi wa watu wake. Wallahu a’alam. Mitume wana daraja yao, na Mtume wetu (s.a.w.) alikataza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu kusema kwamba yeye ni bora kuliko Yunus bin Matta. Kwa hiyo simsemi Nabii. Ninajisema mimi niliyekaa safu ya pili nikiangalia kama kijana yule atathubutu kunipa mkono.

Tukirudi kwa Ezekieli, ambaye wapo wanazuoni waliomdhania kuwa ndiye Dhul-Kifl aliyetajwa katika Quran, yeye alikuwa miongoni mwa Bani Israil waliopelekwa utumwani Babeli, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Katika ile sura ya 36 wanaahidiwa kurudishwa kwao, kusafishwa na kupewa moyo mwingine badala ya moyo wa jiwe. Lakini wanaambiwa wazi kabisa kwamba hayo hayafanyiki kwa ajili yao, bali kwa ajili ya jina takatifu la Mungu waliloliharibia sifa mbele ya mataifa. Wanatakiwa waone haya. Hosea naye, aliyemtangulia kwa zaidi ya karne, anasimuliwa akiamrishwa kumrudia mke aliyemkosea, awe mfano wa Mola na watu waliomsaliti. Kwenye mihadhara tulikuwa tunakicheka kisa hicho. Mika anafunga kitabu chake kwa kumstaajabia Mungu anayesamehe na kupita juu ya makosa.

Ndugu zetu Wakristo wanayachukua maneno ya manabii hawa na kuyajengea fundisho kwamba msamaha usiostahiliwa lazima ulipiwe kwa damu ya mwingine. Hapo njia zetu zinaachana, na ni vema kusema hivyo bila kuficha. Ninawa hapakumwagika damu ya mtu yeyote badala ya mwingine. Waliomba, wakaachiwa. Ezekieli huyohuyo, sura ya 18, anasema mwana hatabeba uovu wa baba yake, jambo ambalo Quran inalisema mara kadhaa, ikiwemo Surat al-An’aam (6:164). Allah hahitaji kulipwa na mtu wa tatu ndipo asamehe. Amejiandikia rehema, na hadithi sahihi inatufahamisha kuwa rehema yake imeitangulia ghadhabu yake.

Wakati huohuo tusije tukajidanganya kwamba sisi tunajilipia wenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema hakuna atakayeingizwa Peponi na amali zake, na alipoulizwa kama hata yeye, akajibu hata yeye, isipokuwa Allah amfunike kwa rehema. Na ni katika Bani Israil haohao ambamo alikuwepo yule mtu aliyeua watu 99, akamkamilisha wa mia aliyemwambia hana toba, kisha akafa njiani akielekea mji wa watu wema. Ile safari hakuimaliza. Hakuwa na swala hata moja ya kuonyesha. Alipimwa akakutwa karibu kwa shubiri moja, na shubiri hiyohiyo, kwa baadhi ya mapokezi, Allah ndiye aliyeiamuru ardhi imsogezee.

Basi, atasema msomaji, na nozeli zangu je? Swali hilo ni la haki, na mimi niliuliza kabla yako. Allah husamehe haki yake, lakini haki ya mja ina mwenyewe. Shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Wafasiri, akiwemo Qurtubi, wamemnukuu Ibn Mas’ud kwamba katika toba ya watu wa Ninawa walirudishiana dhulma, hadi mtu alikuwa anaiendea nyumba yake, anaing’oa jiwe la watu alilolijengea msingi, na kulirudisha kwa mwenyewe. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifurahi sana, nikasema hapa nimepata hoja. Kijana alete jiwe langu kwanza, shilingi 1,350,000, ndipo tuzungumze habari za rehema.

Nilikaa na hoja hiyo kwa miezi kadhaa. Iliharibika usiku mmoja nilipokuwa najaribu kulala.

Najua kwamba tumekatazwa kuyatangaza madhambi ambayo Allah ameyasitiri, na nimemuuliza sheikh kabla ya kuandika aya hii. Akaniambia nisieleze zaidi ya kiasi cha haja. Mwaka 1996 nilikuwa kijana wa dukani kama yeye. Ilisikika sauti, mwizi, mwizi, kama inavyosikika Kariakoo hadi leo. Mtu mmoja akapita mbio mbele yangu na kuingia uchochoroni. Kundi lilipofika likawa limempoteza. Wakaniuliza kapita wapi. Nikanyoosha kidole. Kilichofuata wanaokijua mji huu wanakijua. Sikurusha jiwe, sikuleta tairi, nilinyoosha kidole tu, na jioni nikaenda kuswali Magharibi. Baadaye tukaja kusikia kuwa aliyeiba alikuwa mwingine. Hakuna polisi aliyeniuliza, na magazeti yaliandika kama yanavyoandika siku zote, kwamba ni wananchi wenye hasira kali. Mimi ndiye mwananchi huyo, na sikuwa na hasira hata kidogo.

Jiwe hilo nitalirudisha kwa nani? Jina lake silijui, kwao sikujui. Sheikh ameniambia nitubu, nimtolee sadaka, nimuombee dua, na mengine nimwachie Mola ambaye anao uwezo wa kumridhisha aliyedhulumiwa kutoka katika hazina yake. Ndivyo ninavyofanya. Lakini nikipiga hesabu kwa daftari lile nililompigia kijana wangu, mimi siko mbali na Ninawa. Kilichonifanya nisimame katika safu ya pili miaka yote hii, nikiitwa mzee, nikitangulizwa kwenye mabakuli ya futari, si kustahili.

Mwezi Julai mwaka 2014 kundi la Daesh lililokuwa limeuteka mji wa Mosul liliulipua kwa mabomu msikiti wa Nabii Yunus, uliojengwa juu ya kilima cha Ninawa ya kale. Waliuondoa kwa madai ya kusafisha dini. Wengi wetu tuliona picha zile na kulaani. Nilipozitazama tena hivi karibuni niliwaza jambo jingine: kwamba mtu anaweza kuwa mkali kwa ajili ya Allah hadi akalipua msikiti wenye jina la nabii aliyefundishwa kuwa Allah si mkali kiasi hicho. Nasi hatuhitaji baruti kufanya hivyo. Mzee wa swala tano anatosha, na neno moja la kusema msikitini, na kijana wa watu akaacha kuja.

Mtume wetu (s.a.w.) alitoka Taif mwaka ule wa huzuni, miguu yake ikivuja damu. Akapumzika katika shamba la mizabibu, na mtumwa wa Kikristo aitwaye Addas akamletea zabibu. Alipomuuliza anatoka wapi akajibu Ninawa. Sira ya Ibn Hisham inasimulia kuwa Mtume akamtajia Yunus bin Matta, akasema yule ni ndugu yangu. Na katika safari hiyohiyo, kwa mujibu wa Bukhari na Muslim, Malaika wa milima alimjia kutaka idhini ya kuwafunika wale wakosefu kwa milima miwili. Akakataa, kwa kutarajia vizazi vyao. Kila ninapokisoma kisa hiki naona kama lile swali la mwisho la kitabu cha Yona lilingoja karne nyingi, likajibiwa nje ya Taif na mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kujibu vingine.

Kijana alikuja dukani wiki ya pili baada ya Ijumaa ile. Alisimama nje, juani, mpaka wateja walipoisha. “Shikamoo mzee,” akasema. Niliitikia bila kuinua macho. Akasema hana cha kusema, ila atalipa. Nikamwambia tutaona. Kazi sikumpa. Alipata kubeba mizigo, na kuanzia mwaka 2020 amekuwa akiniletea shilingi 20,000, mwezi huu analeta, miezi miwili haleti, kisha analeta tena. Kila anapoleta nimekuwa nikiandika. Hadi Ramadhani iliyopita alikuwa amelipa 740,000. Msikitini tunaswali bega kwa bega, na nasema kweli, funguo za droo bado naziweka mfukoni anapoingia dukani.

Juzi alikuja na elfu ishirini yake. Nilikuwa nimeanza kuandika makala haya. Nikamwambia fedha hiyo asinipe, aipeleke kwa mama yake, ambaye anaumwa miguu. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: “Mzee, umenisamehe deni, au umenisamehe elfu ishirini?”

Nikamwambia arudi Jumamosi.